Sauti Ndani ya Spika ya Mawaidha

Mimi albamu huisikiliza yote, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa mpangilio alioupanga msanii mwenyewe. Siruki. Watu wa siku hizi wanaonja wimbo mmoja hapa, nusu ya mwingine pale, kama mtu anayepita sokoni akibonyeza maembe bila kununua, kisha wanakuja kukwambia msanii fulani ameishiwa. Wananiudhi. Mtu kajifungia huko akihangaika wimbo upi ufuate upi, na wewe umemsikiliza ukiwa unapiga mswaki.

Nafasi ya kusikiliza ninayo kwa sababu ya kazi yangu. Nashona mabuibui, na zaidi ya kushona natia shanga, mikononi na kifuani, hasa kwa maharusi. Kazi ya shanga inataka macho na vidole. Masikio hayana shughuli. Basi asubuhi nikishakunywa chai naingia chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Mishomoroni, navaa hedifoni, na dunia nzima inanijia hapo hapo kwenye cherehani.

Hedifoni ni lazima, kwa sababu naishi na mama, na mama hataki muziki nyumbani. Hagombi. Redio ikisoma habari anasikiliza, ukiingia wimbo anapunguza sauti mpaka ukome kabisa, anangoja, kisha anapandisha tena. Ameshahiji, na kila siku baada ya alasiri wanawake wa mtaa wanakuja ukumbini kwetu kusomeshwa Kurani. Wengine walianza wakiwa wazee, hawajui alifu wala bee, na sasa wanasoma. Darasa hilo ndilo linalomwamsha kitandani. Siku za mfungo anapolifunga, anazunguka nyumbani akipanga sahani zilizokwisha kupangwa. Kaka yangu alimnunulia spika ndogo isiyo na waya ya kusikilizia mawaidha, na mimi ndiye niliyemwunganishia kwa simu yangu, kwa kuwa yeye na vibonyezo hawapatani.

Jambo jingine la mama ni kuitika. Ukiitwa, unaitika abee kwanza, kisha ndiyo unakwenda. Ukienda kimya anakurudisha ulikotoka, anakuita upya. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, mpaka leo narudishwa.

Mwaka huu nilimtania mpwa wangu, binti wa kaka yangu anayesoma Nairobi, kwamba wao vijana hawajui muziki, wanajua kelele. Akaniletea albamu tatu kwa simu, pamoja na ujumbe wa sauti: "Shangazi, skiza hizi zote, alafu ndo uongee." Nilicheka. Nilijua nitazimaliza na nitamrudia na hukumu.

Ya kwanza ilikuwa ya gitaa kavu. Mwanamume mmoja, gitaa lake, na nyumba ya mbao mahali penye baridi. Mwanzo nilidhani hedifoni zimeharibika, maana alikuwa akinong'ona. Nikapandisha sauti, na hapo ndipo nikasikia kiti. Kila akijisogeza kiti kinalia, na hakuna aliyekiondoa. Nikamsikia akimeza mate. Nikasikia mlango ukifungwa huko ndani, labda na mkewe aliyechoshwa naye. Nilishtuka kweli. Kwetu mtu akitaka kurekodi anafukuza kuku, ananyamazisha watoto, anamwomba jirani azime pampu ya maji. Huyu kauza kiti kinacholia, na watu wamenunua!

Na maneno yake, je? Anamwimba babake aliyekufa. Anasema wazi kwamba walikuwa hawaelewani, kwamba siku ya mazishi alisimama kaburini akiwaza chakula. Astaghfirullah, nilisema peke yangu, hayo ni mambo ya kutangazwa? Sindano ikanidunga kidole kwa mshtuko. Lakini wimbo ulipokwisha niliurudisha, mimi ambaye sirudii. Baba yangu alifariki mimi sijajua hata kujifunga kamba za viatu. Nyumbani alikuwa akitajwa kwa dua tu. Haikuwahi kunijia kwamba mtu anaweza kukaa chini akamzungumza babake hivyo, kwa hasira na kwa hamu, kama ametoka chumbani sasa hivi. Siku ile nilimaliza shanga za kifua kizima bila kujua nimefanyaje.

Ya pili ilinivamia. Pop ya kompyuta, msichana mmoja mwenye sauti nyembamba, na mashine imemgeuza ukumbi mzima wa wasichana. Anajiuliza swali, anajijibu, anajicheka. Ngoma yake haikuguswa na kiganja cha mtu. Inaingia kwa kishindo kama jenereta la jirani umeme ukipotea. Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali ya cherehani, na mguu hauna adabu, ukaanza kufuata ngoma. Nilishona kwa raha ambayo sijaipata siku nyingi. Nilipotazama kazi nilibaki mdomo wazi: nilikuwa nimeufunga mkono wa buibui kule mwisho, pale kiganja kinapotokea. Buibui lenyewe la bibi harusi. Nilikaa jioni nzima nikifumua na kumlaani msichana wa watu asiyenijua.

Hata hivyo nilimpenda. Kilichonishangaza ni kwamba ile shangwe yote ni ya mtu mmoja. Nilitafuta sauti ya pili ndani ya albamu nzima, nisiipate. Alikuwa anaimba na kujiitikia mwenyewe. Nilimwonea huruma, kisha nikaona ni upuuzi kumwonea huruma mtu tajiri.

Ya tatu, ya hip-hop, niliikunjia uso kabla haijaanza. Kijana wa ughaibuni, Kiingereza cha mbio, na matusi yamejaa kama changarawe kwenye mchele wa bei rahisi. Nilitaka kumwambia mpwa wangu kwamba hii ndiyo kelele niliyokuwa nikiisema. Lakini nyimbo za mwanzo zilianza kunilegeza. Kijana ana pumzi, na ana hasira ya mtu aliyejaliwa ulimi. Anasema juu ya jiji la baridi, juu ya shule ambako walimwita kwa jina lisilo lake mpaka akachoka kuwasahihisha. Nilianza kumpa heshima yake, polepole, kwa kunung'unika.

Kisha, katikati ya albamu, ukaja wimbo unaoanza na mkwaruzo wa kaseti. Mwanamke akasafisha koo mara mbili, akasema: "Haya, bismillahi."

Shanga zilimwagika sakafuni. Hakuna mtu mwingine duniani anayesema maneno yale vile, na kile kikohozi mbele yake. Ndivyo mama asemavyo kabla ya kukata kitunguu, kabla ya kuinuka kitandani, kabla ya kumfungulia mgeni mlango. Sauti ilikuwa changa, haina mkwamo wa uzee, lakini ilikuwa yake. Halafu ikaanza kuimba.

*Fungua mlango mama, twataka mwana wa ndani.*

Ulikuwa wimbo wa vugo, ule wa wanawake wakienda kwa bibi harusi, mmoja anaongoza na wenziwe wanaitikia huku pembe zinagongwa. Hapa hapakuwa na pembe wala wenziwe. Anaimba mstari, anapiga makofi mepesi, ananyamaza kwa muda wa kiitikio, kisha anaendelea. Na katika ule ukimya ndipo kijana alipoingia na ngoma zake, na magari yake, na matusi yake.

Nilivua hedifoni, nikazishika mkononi kama kitu cha moto. Mama yangu! Mama ambaye sijamsikia akiimba maisha yangu yote, hata kumbembeleza mtoto. Nje ya chumba nilimsikia akikuna nazi, taratibu, bila habari.

Nilichokiogopa kilikuwa wazi. Mtaani kwetu wapo wanaume wanaoamini kwamba sauti ya mwanamke haifai kusikika na wasiomhusu, na wake wa baadhi yao wanasoma kwa mama. Wakisikia kwamba hajati wao yumo kwenye hip-hop, anaimba katikati ya matusi, darasa litakwisha wiki hiyo hiyo. Hawatamwuliza chochote. Wataanza kuumwa na vichwa, kupata wageni, kuwa na safari, mpaka ukumbi ubaki mtupu na mama abaki na sahani zake. Kaka yangu naye ni mkali; angetaka kujua mama aliimba wapi, lini, kwa idhini ya nani.

Nilimpigia mpwa wangu nikamwuliza, kwa sauti ya kujifanya sina haja sana, yule mwanamke wa wimbo ule ametoka wapi.

"Hiyo ni rekodi ya zamani, shangazi. Wanakata kipande wanakipika upya. Si imeweza? Huku iko kila mahali." Kisha akasema, "Kwani hujafika ya mwisho? Ya mwisho ndo moto."

Sikuwa nimefika. Kwa mara ya kwanza niliiacha albamu katikati, maana kila nikijaribu kuendelea nilihisi naona kanga ya mama imetundikwa barabarani. Niliamini imeibwa. Niliamini kuna mtu alijificha nyuma ya mlango kwenye harusi fulani ya wanawake, na kinasa sauti ndani ya mkoba, akamwibia mama yangu sauti, kisha akaiuza. Nilimchukia mtu huyo kwa bidii. Nilimtungia sura na mwendo.

Siku zilizofuata niliishi roho mkononi. Tuktuk ilipita kona ya dukani ikipiga wimbo ule ule, dereva anatikisa kichwa, na mimi nikasimama na mfuko wangu wa viazi karai nimeduwaa, nikingoja mtu ageuke aseme, mbona kama hajati? Hakuna aliyegeuka. Nyumbani nilimtazama mama anapopunguza redio, nikajiambia: tazama mtu anavyojihifadhi, na tazama walivyomfanya. Kila nilipofungua kinywa nimwambie, aliniita kwanza, "Ndoo huku unishikie hiki," nikaitika abee, na ujasiri ukapotea kati ya abee na jikoni.

Alasiri moja nilikaa kwenye cherehani nikaamua kuusikiliza wimbo tena, kwa nia ya kutafuta kosa. Nilitaka nipate neno moja ambalo mama hawezi kulitamka vile, nipumzike. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza. Mkwaruzo wa kaseti ukaanza masikioni mwangu, kisha ukakatika.

Ukumbini, mama alikuwa amemaliza kuswali na kuwasha spika yake ya mawaidha, apate kusikiliza kidogo kabla wanafunzi hawajafika. Spika ikaamka, ikatafuta simu inayoijua, na simu inayoijua ni yangu.

Nilisikia kikohozi kupitia ukuta. Kisha, kwa sauti ya kujaza nyumba: "Haya, bismillahi."

Niliruka. Kitambaa cha buibui kilinizonga miguu, nikaanguka, nikainuka nacho, nikafika ukumbini nikiburuta mita kadhaa za nguo nyeusi. Mama alikuwa amesimama mbele ya spika, mkono mmoja hewani kama aliyetaka kuigusa akasahau. Ngoma za kijana zikaingia. Nikawa napapasa simu nizime.

"Wacha," mama alisema.

"Mama, nitakueleza, si mimi—"

"Nimesema wacha."

Tukasikiliza. Mwanamke mchanga aliimba mstari wake, akanyamaza, kijana akamwaga maneno. Mama aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Hiyo n'sauti yangu," akasema, bila kupandisha wala kushusha, kama mtu aliyeona sufuria yake kwa jirani.

"Wamekuibia, mama. Wallahi tutawatafuta. Tutatafuta wakili—"

"Nani kaniibia? Nalimpa mwenyewe."

Nilikaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. Mama akapunguza spika, kama anavyopunguza redio, akanieleza akiwa bado amesimama. Alikuwa na shoga yake wa Utange, aliyekua naye, akaolewa akapelekwa Ulaya. Binti wa shoga huyo alipofika kuolewa huko huko, mama mtu akatuma salamu kwa kilio: hakuna wa kuongoza vugo, mwanangu atatolewa kimya kama mzigo. Basi mama, baba akiwa hai bado na mimi mchanga, aliazima redio kaseti, akajifungia chumba cha mbele, hicho hicho ninachoshonea, akaimba nyimbo zake alizozitunga mwenyewe. Mwanamke yeyote wa Kisauni enzi hizo alizijua.

"Naliimba peke yangu," alisema. "Kila mahali naliwaachia nafasi, ili wao kule waitikie. Kaseti ikenda. Kisha shoga yangu akafa, na mimi sikupata habari ya harusi ile. Miaka yote hii najiuliza kama alikuwako mtu wa kuitikia, au n'lipelekwa kuimba peke yangu mbele ya watu wasonijua."

Nilikuwa na maswali mengi hata yakagongana. Nililotoa lilikuwa la kijinga kuliko yote. "Lakini wewe hutaki muziki. Unapunguza redio."

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nani kakwambia sitaki? Babako ndiye alokuwa akiniitikia nikitunga. Mimi niko jikoni, yeye yuko chumbani, n'kifika penye nafasi ananijibu kutoka huko, na sauti mbaya hiyo, we! Alipokufa n'kakaa eda, n'katoka, siku moja n'kaimba n'kiosha vyombo. N'kafika penye nafasi. Kukawa kimya." Akaitazama spika. "Kila wimbo una nafasi ndani yake. Ndiyo maana napunguza, n'ngoje upite."

Nadhani sijawahi kushtuka kama pale. Ile kaseti ikawa jambo dogo. Maisha yangu yote nilimwona mama akipunguza redio, na nilijua kwa hakika kwa nini, na sikuwa nikijua chochote. Baba yangu wa dua alikuwa na sauti mbaya. Alikuwa akiimba ndani ya nyumba hii.

Wimbo ulikwisha. Nikanyoosha mkono kuzima, nikamwambia nyimbo zilizobaki zina matusi.

"Anasema nini huyo kijana?"

"Anajisifu, mama. Na anatukana watu."

"Hata harusini watu hujisifu na kutukanana. Mwache amalize."

Basi tuliisikiliza mpaka mwisho, mimi na hajati, albamu ya hip-hop, kwenye spika ya mawaidha. Alipochoka kusimama akakaa kwenye kiti chake cha kusomeshea. Kijana aliunguruma, akalalamika, akapendana na mtu, akagombana naye. Mama alikuna goti. Ndipo ulipoingia ule wimbo wa mwisho niliokuwa nimeukimbia. Haukuwa na ngoma. Ulikuwa mkwaruzo wa kaseti na sauti yake ya ujana, tupu.

*Fungua mlango mama, twataka mwana wa ndani.*

Ikaja nafasi. Na kijana, kwa Kiswahili cha kuokoteza, bila mbio, kwa sauti ya mtoto aliyefundishwa akiwa mapajani, akaimba:

*Tumekuya na twangoja, hatwendi hata atoke.*

Mama alishika mkono wangu kwa nguvu hata kucha zikaniingia. Mwanamke wa kaseti akaimba tena, kijana akaitikia tena, mstari kwa mstari, hakukosa hata mmoja. Nyuma yake kulikuwa na sauti nyingine dhaifu, za wanawake, kama zilizorekodiwa sebuleni kwa mtu. Mwisho akasema kwa Kiingereza, nami nikamfasiria mama, kwamba hizi ni nyimbo zilizomtoa mama yake siku ya harusi, kwamba bibi yake aliwafunza kuzijibu, na kwamba hawajui aliyeimba ni nani.

"Kaitika," mama alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. "Huyo ni mjukuu wa shoga yangu. Waliitika."

Kisha akasafisha koo, mara mbili. "Haya, bismillahi." Na pale kwenye kiti, kwa sauti ya uzee iliyokwama na kujikwamua, mama yangu aliimba, *Fungua mlango mama*, mstari mzima, akapiga makofi mepesi, akanyamaza. Akaniangalia.

Mimi niliyezaliwa katika nyumba hii, ninayekaa kutwa katika chumba ilikorekodiwa kaseti, maneno ya kuitikia yalikuwa yamenipita, nimeyasikia mara moja tu, kutoka kwa mtoto wa ughaibuni. Nilifungua kinywa. Nilichokuwa nacho ni kimoja, nikakitoa.

"Abee."

Mama alicheka kwa kwikwi. "Si hivyo, mwanangu. Mrudishe huyo kijana, akufunze."

Nikaurudisha wimbo mwanzo. Nje wanafunzi wake walikuwa wameshafika, wamevua viatu, wanapiga hodi, hodi, hodi hajati. Mama alikuwa ameielekea spika, akinihesabia nafasi kwa kidole, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akiitwa na asiitike.